Mama Angalia na Vyungu Vinane

Mama mwenye mtoto anayeotesha kitu chochote, hata kama ni kitunguu ndani ya kopo, soma habari hii mpaka mwisho. Kama una sufuria jikoni, kaipunguzie moto kwanza, maana chakula kikiungua lawama zitanirudia mimi.

Palikuwa na dobi mmoja, mwanamke, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Angalia. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtoto akipita na kikombe: angalia, utamwaga. Mumewe akitoka kwenda kwenye lindo lake: angalia ngazi. Hata mgeni akibisha hodi aliambiwa aangalie kichwa chake, na mlango wenyewe ulikuwa mrefu kuliko mgeni yeyote aliyewahi kuja. Mumewe alikuwa akisema, "Mke wangu akifika peponi atamwambia malaika aangalie mabawa."

Kazi yake aliijua. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua wa saruji, kamba nne za kuanikia, na makarai matatu yaliyopangwa sambamba na ukuta. Karai la kwanza la sabuni, la pili la kusuuzia, la tatu la kumalizia. Hilo la tatu ndilo lililomlisha. Mashati meupe ya watu wa ofisini huanza kuwa ya manjano kwenye kola, na dawa yake ni buluu ya kufulia kidogo tu, ifungwe kwenye kitambaa, ikorogwe majini mpaka maji yawe kama mbingu ya asubuhi, kisha utie wanga ili shati lisimame. Nguo ikichujuka unairudishia. Mama yake alimfundisha hivyo, na kwa miaka ishirini na sita hakuna shati lililombishia.

Sasa, mtoto wake wa mwisho, msichana aliyeitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo, hakupenda nguo. Alipenda udongo. Alikuwa amejifunza kazi ya bustani kwa miaka miwili, na tangu amalize alikuwa anafagia uwanja wa shule huku akitafuta mahali pa kuanzia. Mahali penyewe palijitokeza maktaba. Mkutubi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amejengewa baraza jipya mbele, akamwambia Kitinda hivi: "Sitaki cheti. Niletee vyungu vinane vya maua ya buluu, yawe yamechanua Jumamosi ya kufungua baraza. Vikipendeza, bustani yote ya maktaba ni yako, na kazi utaandikwa."

Kitinda alirudi nyumbani hasikii anachokanyaga.

Mbegu alipewa na mwalimu wake wa bustani. Zilikuwa bapa, za kahawia, kila moja ina nyuzi laini nyeupe kama hariri. Mmea wenyewe ni wa kudeka. Haupendi baridi, haupendi mizizi yake kuguswa, na ukisimama kwenye maji unaoza. Shina lake jembamba lina manyoya laini, jani lake ni kama limenyunyiziwa vumbi la kijivu, na ukilikata hutoka utomvu mweupe kama maziwa.

"Huo utomvu unawasha," Kitinda alisema siku alipokuwa anakata vichwa vya miche ili itoe matawi. "Ukiingia jichoni ni balaa."

"Basi angalia," mama yake alisema. "Na ukimaliza nawa kwa sabuni. Mara mbili. Nipe hicho kisu nikioshe mimi."

"Mama, nina mikono."

"Mikono unayo. Macho pia unayo, na ndiyo ninayoyahurumia."

Haki yake apewe Mama Angalia. Miezi minne ya kukuza vyungu vile, hofu yake ilisaidia. Ndiye aliyeweka matofali chini ya kila chungu ili maji yapite. Siku baridi ilipoingia alivifunika kwa mashuka ya zamani, akayabana kwa vibanio vya nguo, mpaka fundi cherehani wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta na kuuliza, "Shoga, hao watoto wadogo unaowalaza nje umewazaa lini?"

"Cheka tu. Jumamosi ya kufungua baraza utakuja kuwaamkia."

Wiki mbili kabla ya siku hiyo ua la kwanza likafunguka. Tumba lilikuwa la rangi ya waridi, ukadhani kuna kosa, kisha likafunguka nyota ya petali tano, buluu ambayo Mama Angalia hakuwahi kuiona kwenye kitambaa chochote. Alilitazama mpaka maji ya kusuuzia yakapoa. Siku ya tatu maua yalikuwa kumi na mbili. Alianza kuhesabu matumba kama mtu anayehesabu vifaranga huku mwewe yuko juu.

Jumatatu asubuhi, Kitinda ameshatoka kwenda maktaba kuchimba vitalu, mama mtu alienda kuamkia vyungu. Ua la kwanza halikuwa buluu tena. Lilikuwa limeingia zambarau, na pembeni waridi iliyochoka. Akatazama la jirani yake. Nalo limeanza.

Aliona Jumamosi ile ya baraza, mkutubi anavua miwani, anasema nilitaka buluu. Aliona mwanawe anarudi kwenye ufagio.

Ni vizuri nikuambie hapa, msomaji, kwamba ua lile hubadilika hivyo lenyewe. Linazaliwa la waridi, linakua buluu, linazeeka zambarau, na mengine yanafunguka nyuma yake. Ndiyo maumbile yake. Kitinda alilijua hilo. Mama yake hakulijua na hakuuliza. Yeye alijua jambo moja tu kuhusu rangi inayokimbia, nalo alikuwa amelifanya miaka ishirini na sita.

Akageuka, akalitazama karai la tatu.

Alichota kwa kopo, taratibu, akamimina chungu baada ya chungu. Maji ya buluu, wanga wake humohumo. Udongo ukayanywa. Akasema kwa sauti ndogo, "Kunyweni wanangu, mrudi." Jumanne akarudia. Jumatano akarudia, na safari hiyo akaongeza buluu kidogo, maana yale maua mazee yalikuwa hayarudi. Hakumwambia mtu. Alitaka iwe zawadi, Kitinda aje akute maua yamekolea aulize, "Mama umefanya nini?" naye ajifanye hajui.

Alhamisi majani yalilegea.

Kitinda alichuchumaa mbele ya vyungu jioni ile bila kuvua viatu. Aligusa udongo. Ulikuwa umelowa, na juu yake kulikuwa na utando mgumu kama ukoko wa uji. Akanusa kidole.

"Unanuka uchachu," alisema. "Mama, kuna mtu amemwagia hivi vyungu?"

Hapo ndipo. Kama unatafuta mahali ambapo habari hii iliharibika, usitafute kwenye karai. Ni hapo, mlangoni, saa kumi na mbili jioni, mtoto ameuliza swali lenye jibu la neno moja.

Mama Angalia alikuwa anakunja shuka. Akalikunja tena lililokwisha kunjwa.

"Nani amwagie?" alisema. "Labda umande."

Kitinda akafikiri, akasema, "Basi ni samadi. Yule mzee kaniuzia samadi mbichi. Nilimwambia nataka iliyooza, akaniapia. Samadi mbichi ndiyo inayounguza mizizi."

Mama yake hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Watu wa siku hizi," neno ambalo halimtaji mtu na linamchafua kila mtu.

Ijumaa Kitinda alikwenda kwa muuza samadi, mzee mwenye mkokoteni na ng'ombe wanne nyuma ya soko. Waliokuwepo walisema maneno yalikuwa makali. Yule mzee alifungua gunia mbele yake, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akautoa, akamwambia anuse. Kitinda hakunusa. Alimwambia ameharibu maisha ya mtu. Habari zilifika nyumbani kabla yake, zimeletwa na fundi cherehani.

"Mwanao leo kampa mzee wa watu maneno mazito," alisema. "Mzee kakaa chini, anauliza ng'ombe wake wamekosa nini."

Mama Angalia aliunguza kola ya shati siku hiyo. Haijawahi kutokea.

Usidhani alikuwa mwongo. Usiku hakulala vizuri, na kila akijigeuza maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni: ni mimi. Lakini kila siku iliyopita yalizidi uzito. Alhamisi yangekuwa, "Nimekosea, mwanangu." Ijumaa yakawa, "Nimekosea, na nimekuacha ukamtukana mzee." Jumamosi yakawa marefu zaidi. Jambo ambalo hujalisema ni kama nguo iliyoachwa kwenye maji. Kila siku ni nzito zaidi kuinua, na mwisho inanuka.

Jumapili asubuhi Kitinda alileta gunia la udongo mpya na karatasi ya nailoni, akaitandaza uani. Zilibaki siku sita kabla ya kufungua baraza.

"Unafanya nini?" mama yake aliuliza.

"Natoa samadi yote. Navitoa kwenye vyungu, nasafisha mizizi, napanda upya."

"Si ulisema haipendi kuguswa mizizi?"

"Haipendi. Lakini samadi ikibaki itakufa yote. Nikiigusa labda itapona nusu." Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshalia mahali pengine. "Sina njia nyingine, mama."

Akachukua chungu cha kwanza, akakipindua juu ya kiganja, akagonga. Mmea ukatoka na udongo wake. Akaanza kuutikisa, nyuzi za mizizi zikakatika, unazisikia. Mama Angalia alisimama penye kamba, kibanio mdomoni. Cha pili. Cha tatu. Kila kimoja alisema moyoni, hiki kikiisha nitasema. Cha nne. Cha tano kilikuwa kile kilichotoa ua la kwanza, na shina lake lilivunjika karibu na udongo, utomvu ukatiririka kwenye vidole vya Kitinda, naye bila kufikiri akapeleka mkono kufuta jasho usoni.

"Angalia macho," mama yake akasema, na kibanio kikaanguka.

Kitinda akausimamisha mkono hewani. Akaenda kunawa. Mara mbili. Aliporudi aliinama kuchukua chungu cha sita.

"Acha," mama yake akasema. "Usiguse hicho."

"Mama, muda..."

"Siyo samadi. Ni mimi. Nilivipa maji ya karai la tatu. Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Niliona maua yanachujuka, nikadhani nayarudishia."

Shuka kambani lilikuwa linadondosha matone. Kitinda alikaa juu ya tofali. Alitazama vile vitano kwenye nailoni, akatazama vitatu vilivyobaki.

"Buluu," alisema. "Uliyapa maua buluu."

"Na wanga," mama yake akasema, maana ameshaanza, amalize.

Kitinda alifunika uso kwa kiwiko. Mabega yakatikisika, na mama yake hakuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani yalikuwa yote mawili. Kisha akasema, na hakusema kwa ukali, na ndiyo maana yaliuma: "Maji ya buluu na wanga, mama, ni kitu cha kuoshwa kikatoka. Alhamisi ningemwaga maji safi, ndoo kwa ndoo, nikakwangua ule ukoko, minane yote ingeishi. Hii mitano hukuiua wewe na buluu. Nimeiua mimi, kwa sababu ulinyamaza."

Mama Angalia akasema, "Ndiyo."

Safari hii hakutafuta umande.

Baada ya muda Kitinda alisimama. "Leta maji. Karai la kusuuzia, lakini liwe jipya, lisiwe na hata harufu ya sabuni."

Walifanya kazi pamoja mpaka jua likawa utosini. Kwa kijiko walikwangua utando juu ya vile vitatu bila kugusa mizizi, kisha wakamimina maji safi polepole, yakapita chini ya chungu yakitoka na rangi. Mara ya kwanza ya buluu kabisa, mara ya nne ya buluu hafifu. Mara ya tisa yalitoka meupe. Wakaviinamisha ili vichuruzike, wakaviweka penye upepo na kivuli. Yule aliyekuwa amezoea kusuuza mashati ya watu alijua maji yamesafika kabla ya binti yake kujua. Angalau hilo.

"Sasa nenda kwa mzee wa samadi," Kitinda alisema.

"Twende wote?"

"Mimi nitakwenda peke yangu baadaye. Wewe nenda kwanza."

Mzee wa samadi alikuwa anawapa ng'ombe maji. Alimsikiliza Mama Angalia mpaka mwisho, amesimama na ndoo mkononi. Mama Angalia hakupunguza kitu. Alipofika kwenye wanga, mzee aliweka ndoo chini.

"Wanga?"

"Wanga, mzee wangu."

"Kwa hiyo maua yamepigwa pasi?"

"Bado pasi tu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafuta macho, akasema, "Samadi yangu imetukanwa sokoni mbele ya watu, mama. Msamaha usiishie huku nyuma kwa ng'ombe. Pita nao sokoni."

Akapita nao. Duka kwa duka, mwanamke mzima, anasema samadi ya mzee ni safi na kosa ni lake. Waliocheka walicheka. Aliporudi nyumbani miguu ilimuuma, lakini kifua kilikuwa chepesi, na siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alikula akashiba. Usiku Kitinda naye alikwenda, na alivyoomba radhi ni siri yake na mzee.

Jumatano jani moja kwenye chungu cha saba lilinyanyuka. Ijumaa vyote vitatu vilikuwa vimesimama, vina matumba. Jumamosi asubuhi mzee wa samadi alileta mkokoteni wake bila kuitwa, ameuosha, ameutandikia gunia safi. Vyungu vitatu vikapanda, Mama Angalia akitembea pembeni na kusema angalia shimo, angalia jiwe, mpaka mzee akamwambia mkokoteni una miaka kumi na minane na shimo hilo wanajuana.

Mkutubi alikuwa barazani, anapanga viti. Alihesabu.

"Nilisema vinane."

"Ndiyo, bibi," Kitinda alisema. "Vitano vimekufa. Nilikosea dawa. Nilidhani ni samadi, nikagusa mizizi."

"Siyo yeye," mama yake akaanza, na Kitinda akamshika mkono, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Alieleza yote, pale mbele ya viti: karai, buluu, wanga, umande. Alimaliza kwa kusema, "Mimi nilimficha siku tatu nzima. Yeye hajakuficha hata dakika tatu. Ukimnyima kazi, mnyime kwa kosa lake, usimnyime kwa langu."

Mkutubi alivua miwani, akaifuta kwa kanga ya begani.

"Hapa ndani," alisema, "watu huniharibia vitabu kila wiki. Wengine wanarudisha kitabu kimya, wanakisukuma nyuma ya rafu, nakikuta mwaka mwingine kimeliwa na mchwa pamoja na majirani zake. Hao siwapi tena. Wengine wanakuja siku hiyohiyo, wanasema mtoto wangu kamwagia chai. Hao nawapa kingine." Akamgeukia Kitinda. "Vile vitano utavitoa wapi?"

Kitinda aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa. Ndani mlikuwa na ganda moja refu, lililochongoka kama kidole, limepasuka ubavuni, na hariri nyeupe imeanza kuchungulia. "Mwalimu wangu kanipa kwenye mmea wake. Nimehesabu mbegu hamsini. Zitachipua ndani ya wiki mbili au tatu, na zitachanua mwezi wa nne kuanzia leo."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo nina vitalu vya kuchimba."

Mkutubi akavaa miwani, akasogea kwenye chungu kilichokuwa karibu na mlango. Akainama. Kulikuwa na maua sita ya buluu, na moja pembeni limegeuka zambarau.

"Hili mbona limechujuka?" aliuliza.

Kitinda alifungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia.

"Halijachujuka, bibi. Limekua tu. Niliuliza."

Mkutubi alisema Kitinda aje Jumatatu na jembe lake, na jina lake kamili kwa ajili ya kuandikwa.

Ndiyo habari yenyewe. Mama mwenzangu, hofu siyo dhambi. Imefunika miche wakati wa baridi, imeokoa macho ya mtoto. Lakini hofu isiyouliza ni maji ya karai la tatu. Na ukishayamwaga, mwambie mtoto jioni ileile, ukiwa na shuka mkononi, hata kama sauti inatetemeka. Jioni ileile kuna vyungu vinane.

Kwa Mama Angalia sasa kuna miche arobaini na moja kwenye makopo, juu ya matofali, mbali na makarai. Kila asubuhi anakwenda kuiamkia, mikono nyuma kama mkaguzi. Juzi aliona jani lenye doa. Alisimama hapo kwa muda mrefu. Kisha akaita, "Kitinda, mwanangu, njoo unieleze hii ni nini."

"Ni tone la chokaa ya ukuta, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye nguo zake.